KE, Anaondoka

Kazi yangu ni kutazama watu wanavyotembea, na nimeifanya miaka kumi na minne bila kukosea. Nasema bila kukosea kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikijigamba, kwa kila aliyenisikiliza na hata kwa wasiotaka kunisikiliza. Kiwandani hakuna anayeniita jina langu. Wananiita Jicho. Hata meneja akipita mlangoni huchungulia na kuuliza Jicho limeamkaje leo, nami humjibu limeamka mapema kuliko wewe.

Tunatengeneza nyuzi za kushonea. Chumba cha kamera kiko nyuma ya ghala: meza moja, viti viwili, feni inayompuliza kila mtu isipokuwa mimi, na skrini nane ukutani. Mwenzangu wa zamu ni mstaafu wa jeshi tunayemwita Koplo, mtu wa maneno machache na chai nyingi. Skrini nne za juu ni zangu, nne za chini ni zake. Simu zetu tunaziacha ofisi ya mbele tukiingia kazini, kwa hiyo mchana kutwa tunabaki na redio za upepo za walinzi na macho yetu.

Kamera inayonihusu hapa ni namba nne. Imefungwa juu ya tangi la maji, mbali, inatazama geti la nyuma na barabara ya vumbi iliyonyooka mpaka getini. Kuanzia saa kumi jioni jua linaiingia machoni, na kila apitaye anakuwa mweusi tii. Hana uso, hana nguo, hana kisogo. Na kwa kuwa picha inavutwa kutoka mbali, mtu anaweza kupiga hatua ishirini asionekane kukua wala kupungua. Akifika karibu na geti lenyewe, anamezwa na paa la kibanda cha mlinzi humwoni tena. Tuliomba kamera nyingine tukaambiwa tushukuru kwa hiyo.

Sasa, kila apitaye huko lazima aandikwe kwenye daftari: saa, ME kama ni mwanaume, KE kama ni mwanamke, halafu anakuja au anaondoka. Wengine wakikaa zamu hiyo huhangaika. Mimi sikuhangaika. Mabega yakitangulia kuyumba, ME. Nyonga zikitangulia, KE. Wengine niliwajua kabisa kwa goti tu. Koplo alikuwa akinijaribu, anaziba skrini kwa kikombe chake akibakiza miguu, nami namtajia mtu kabla hajameza. Aliwahi kusema kwamba angekuwa na jicho kama langu vitani asingepata kovu lile la shingoni. Sifa zile zilinilevya, sikatai.

Nyumbani nilikuwa na mtoto mmoja, binti, na binti yangu alitembea kama baba yake. Hatua ndefu, mabega huku na huku, visigino vinapiga chini utadhani anadai haki. Majirani walimwita Kapteni tangu darasa la tatu, na yeye akalipenda jina, akawa anawapigia saluti. Mimi lilinikera.

Acha niseme lililonikera, kwa sababu kwake sikulisema. Baba yake alitutoka asubuhi moja na begi begani. Nilisimama dirishani nikamtazama mpaka kona, mabega huku na huku, na hakugeuka. Mtoto alikuwa na miaka minne. Miaka ikaenda, na kila asubuhi nikawa namwona mtu yule yule akitoka mlangoni kwangu amevaa sare ya shule. Ningemwambia tu, mwanangu, ukitembea namwona aliyenitupa, angenielewa. Alikuwa mtoto mwelewa. Badala yake nikamwambia punguza hatua. Shusha mabega. Wewe ni msichana au mpakizi wa magunia? Nikawa namwekea kitabu kichwani, kitabu chake cha hesabu chenye jalada gumu, atembee nacho kutoka jikoni mpaka sebuleni. Kikianguka tulicheka. Hizo zilikuwa siku za mwanzo.

Alipomaliza masomo akaenda kwenye usaili wa kazi, akarudi amenyimwa. Aliingia na zile hatua zake, akajitupa kwenye kochi. Mama mwingine angemtengea chakula. Mimi nilikuwa nimetoka zamu, nimechoka, mdomo ukanitangulia. Nilimwambia nani atamwajiri msichana anayetembea kama dume. Alinyanyuka taratibu, akaniuliza kama nina aibu naye. Nikasema maneno ambayo nimeyarudia kichwani mpaka yamechakaa.

"Siku utakayojua kutembea kama mwanamke, ndiyo siku urudi hapa."

Alikusanya nguo zake, akachukua na kile kitabu, sikujua cha nini. Alienda kwa mdogo wangu, ambaye yeye humwita mamdogo, upande wa pili wa mji. Nilimtazama akienda, dirisha lile lile, mwendo ule ule. Nilitarajia siku tatu. Ikawa mwaka na miezi mitatu, mimi simpigii, yeye hanipigii. Mdogo wangu alijaribu kutupatanisha, nikamwambia anayetaka radhi anajua ninapoishi na ninapofanya kazi. Kiburi changu mimi, jamani, ukikipima hukipati mwisho. Usiku nilikuwa nalala na simu chini ya mto, asubuhi naiamkia kama sijali.

Basi siku hiyo ilikuwa Alhamisi, saa kumi na moja jioni na dakika kumi hivi. Jua lilikuwa kali, kamera namba nne imejaa weupe. Nikaona kwenye kamera namba mbili, upande wa ukuta wa ghala ambako mvuke wa mitambo ya rangi hufunika kila kitu, kivuli cha mtu. ME, bila ubishi. Na anakuja. Ukuta ule ulikuwa umetobolewa mara mbili mwezi huo, marobota ya nyuzi yakaibwa. Nikamtuma Koplo akatoka mbio, nikamwita kwa redio mzee wa geti la nyuma akamzibe mtu huyo upande wa pili.

Mzee wa geti ni mwangalifu. Kabla hajaacha kibanda chake aliniuliza, "Kuna mtu anakuja getini kwangu, Jicho? Jua limenijaa machoni, sioni barabara."

Nilitupa jicho namba nne. Kulikuwa na mtu mmoja, mweusi kama wote wa saa hiyo. Hatua fupi, nyororo, kichwa kimetulia, nyonga zinatangulia. Mwendo mzuri, nakiri, niliuona ni mzuri. Aliinua mkono kichwani, nikadhani anashika mtandio.

"Kuna KE tu," nikamwambia. "Anaondoka. Wewe njoo."

Mzee akafunga geti kwa komeo, akaja. Nilipotazama tena namba nne barabara ilikuwa tupu. Ningeshangaa nini? Nimeshasema anaondoka, basi ameondoka. Nikaandika: saa 11:12, KE, anaondoka.

Yule ME wa ukutani alikuwa anakwenda zake. Alikuwa amejisaidia pale ukutani, maskini, na Koplo alimkamata kwa mgongo. Nilimwona anakuja, kumbe alikuwa ametupa kisogo. Koplo alirudi akinicheka, akasema leo Jicho limeingia mchanga. Nikamwambia mvuke ule ungemdanganya hata malaika. Mzee wa geti akabaki kuchukua maelezo ya yule bwana, akamwonya, dakika zikapita, akarudi kibandani kwake kwenye saa kumi na moja na dakika thelathini na tatu.

Hapo namba nne akatokea mwingine katikati ya barabara. Nilipomwona niliisogelea skrini. Hatua ndefu, mabega huku na huku, kichwa chini, visigino vinashindilia. Nilisema kwa sauti, Koplo ni shahidi, "Huyu anatembea kama Kapteni wangu." Kisha nikajicheka, maana huyu alikuwa mwanaume wazi, na mwenye hasira zake. Nikamwambia mzee kwa redio akae macho, kuna ME anakuja. Nikaandika saa 11:34, ME, anakuja. Nami nikakaa namtazama, sijui kwa nini, nikitamani afike. Mzee alisimama getini mpaka akachoka. Akanijibu kwamba hakuna aliyefika. Nikamwambia labda kakata kona.

Niliporudi nyumbani usiku huo mdogo wangu alikuwa amenipigia simu mara tisa. Nikadhani kuna msiba. Nilipompigia alipokea bila salamu.

"Dada, una roho gani wewe? Mtoto kaja mpaka kazini kwako, umemtazama, ukamfungia geti."

Nikamwambia hakuna mtoto aliyekuja. Akaanza kunieleza, na kila alichosema kilinikalisha chini zaidi, mpaka nikajikuta nimekaa sakafuni jikoni na viatu vya kazini mguuni. Binti yangu alikuwa amepata kazi mapokezi ya hoteli. Huko alifundishwa kusimama na kutembea kwa viatu vya kisigino, lakini mazoezi yenyewe aliyafanya nyumbani kwa mdogo wangu, ukumbini, kila jioni, mwaka mzima, na kitabu cha hesabu kichwani. Mamdogo wake akimwambia inatosha, anajibu bado, mama ana jicho kali. Sasa hoteli ilikuwa inampeleka tawi lao la ng'ambo kwa mkataba wa miaka mitatu, na ndege ilikuwa Ijumaa alfajiri. Akasema haondoki bila radhi ya mama yake. Alijua kamera iko juu ya tangi, maana nilimwonyesha mwenyewe akiwa mdogo, nikimtambia. Akaamua anitokee hapo. Atatembea barabara yote ile mbele ya kamera kama nilivyotaka, nimwone, nifurahi, nitoke nimfungulie.

"Anasema alikupungia mkono," mdogo wangu alisema. "Akagonga geti dakika ishirini. Akajua umesema asifunguliwe."

Namba yake ya simu nilikuwa nayo. Nilipiga usiku kucha, imezimwa. Uwanja wa ndege ni safari ya saa tatu kutoka kwangu, na ndege ilikuwa tayari inaita abiria nilipopata gari. Nilifika nikaambiwa imeruka. Nilikaa kwenye benchi la nje na sare yangu ya ulinzi, watu wakiniuliza njia ya choo.

Jumamosi nikaingia kazini, nikalifungua daftari. Mistari miwili, mwandiko wangu, ule wa kujiamini. Saa 11:12, KE, anaondoka. Saa 11:34, ME, anakuja. Wote wawili ni mtu mmoja. Ni mwanangu. Alipokuja kwangu niliandika anaondoka. Alipoondoka moyo umevunjika, amesahau kitabu na kisigino na mazoezi yote, amerudia mwendo wake wa kuzaliwa, niliandika mwanaume, anakuja.

Koplo alinihurumia kwa namna yake. Alivuta daftari akaanza kulipekua kurudi nyuma, miezi minne, zamu zetu zote za jioni, analinganisha na kitabu cha geti ambacho wageni hutia sahihi wakiingia. Alinisomea polepole. Vivuli vya wanaume karibu vyote tumeviandika vinakuja. Vya wanawake karibu vyote vinaondoka. Hata wale waliotia sahihi ya kuingia dakika mbili baadaye. Na si mwandiko wangu tu. Wake pia, na wa zamu nyingine pia. Sote tulikuwa tunaona hivyo na hakuna aliyejua. Mwanaume asiye na uso tunamwona anatujia, tunajiweka sawa. Mwanamke asiye na uso tunamwona anakwenda zake, tunarudi kwenye chai.

"Kwa hiyo hukukosea peke yako," Koplo alisema.

Nilimwambia mtoto ni wangu peke yangu.

Siku ya tano binti yangu alipokea simu. Sauti yake ilikuwa ya kazini, safi, ya watu wa mapokezi. Nilimwambia yote mfululizo bila kupumua: jua, kamera, tangi, mvuke, yule bwana wa ukutani. Nilimwambia sikukutambua, mwanangu, nilikuona mtu mwingine, nilikuona unaondoka. Aliniacha nikamaliza.

"Mama," akasema, "unamtambua mpakizi kwa goti. Mimi ndiyo hukunitambua?"

Nilimwambia amebadilika mwendo, na hapo nikasikia mwenyewe nilichosema. Akanijibu ndiyo, nilibadilika, ulisema nibadilike. Hakunipigia kelele. Angepiga kelele ningejua pa kushika.

Nikasema nitamtumia ushahidi. Picha za kamera hufutika zenyewe baada ya siku thelathini, kwa hiyo nilimwomba Koplo aninakilie kwenye flashi, kinyume cha sheria, naye akakubali bila kuuliza. Kwanza nilimwonyesha mzee wa geti kile kipande cha saa 11:12, bila kumwambia ni nani. Akasema huyu mama anaondoka. Nikamwonyesha mpishi wa kantini. Anaondoka. Wanawake watatu wa mashine za kusokota, mmoja mmoja, wote wakasema anaondoka, na mmoja akaongeza kwamba anaonekana hana haraka. Moyo ukanitulia kidogo. Nikasema mtoto akiona hiki ataelewa, ataona kwa macho yake kwamba dunia nzima ingemwona anaondoka. Duka la kuchapisha karatasi wakanihamishia kwenye simu, nikamtumia.

Jibu lilikuja jioni, maandishi, si sauti.

"Nimeitazama mama. Mbona hapo nakuja kabisa. Hata mkono ninaokupungia unaonekana. Usinitumie tena."

Niliketi na simu mkononi. Nilitaka kumwandikia kwamba wewe unajua ulikuwa unakwenda wapi, ndiyo maana unaona. Nikaandika, nikafuta. Kwake yeye nimemtumia ushahidi kwamba nilimwona. Jina langu lile la kujigamba, nililomlea nalo, ndilo lililonihukumu: angeweza kunisamehe kosa, lakini hawezi kuamini kwamba mimi ninakosea. Mdogo wangu anasema nimpe muda. Miaka mitatu ni muda, nadhani. Kila Ijumaa namwandikia salamu. Alama za kusomwa zinatokea, jibu halitokei.

Kiwandani nimeomba kuhamishwa kamera, nikakataa mwenyewe waliponikubalia. Kila KE anayetokea namba nne baada ya saa kumi namwambia mzee afungue geti. Anafungua, anachungulia, anaona mgongo wa mtu anayekwenda zake sokoni. Hanilaumu. Siku moja alimfungulia mwanamke aliyekuwa anakuja kweli, mgeni wa uhasibu, akanipigia redio kwa furaha kama vile kanirudishia mwanangu. Nilimshukuru, nikazima redio, nikalia mbele ya Koplo.

Kile kipande cha saa 11:12 ninacho bado kwenye simu. Nimekitazama mara ambazo siwezi kuzihesabu. Najua ni nani. Najua anakuja. Namwambia, haya mwanangu, njoo, mama yupo, na jicho linaniambia anaondoka, kila mara, hatua zile nzuri alizojifunza kwa ajili yangu.

Kwa hiyo siku hizi sikitazami sana. Natazama cha pili, cha saa 11:34, ambacho sikumtumia na sitamtumia. Kinachukua sekunde kumi na saba. Mabega huku na huku, visigino vinashindilia, Kapteni wangu mwenyewe, siku anayonikatia tamaa na kwenda zake. Lakini mimi bado namwona anakuja. Nikishakimaliza nakirudisha mwanzo.